Mkwe Nyuma ya Toyota

Kalait, 12 Novemba 1986

Dada yangu Zenaba,

Shikamoo, na shikamoo hiyo uigawe uani kote: kwa watoto wako, kwa majirani wanaoazima kinu wasirudishe, hata kwa yule mbuzi wako wa pembe moja aliyekula cheti changu cha shule. Mimi ni mzima. Baridi ya huku inauma masikio, lakini chai ipo, na sukari ipo siku mbili kati ya tatu.

Nimepewa gari, dada! Toyota mpya, rangi ya mchanga, haina paa wala kioo cha mbele, tumevikata wenyewe ili tuone vizuri. Ukiikanyaga inaruka kama imechomwa mwiba. Nyuma imefungwa bomba la kombora la kupigia vifaru. Tuko watatu. Mimi naendesha. Dingamaji, kijana wa kusini mwenye kicheko kikubwa, anapachika makombora. Mlengaji ni mzee mmoja wa kwetu, ana zaidi ya miaka hamsini, na macho yake yanaona ngamia mahali ambapo sisi tunaona vumbi tu.

Mzee huyo simtaji. Tumwite Mzee wa Nyuma. Nakula peke yangu nyuma ya jiwe, na Dingamaji ananiuliza, "Kwani wewe umemwibia nini huyu babu?" Naendelea kutafuna. Nawe usiniulize.

Walibya bado wako kwetu Fada, pale pale walipokaa tangu mwaka tuliokimbia. Wana vifaru huwezi kuvihesabu. Sisi tuna Toyota na mbio. Inasemwa tutakwenda kuwatoa, lini sijui.

Mwambie Mardie kwamba nipo. Basi, hivyo tu, atajua mengine.

Mdogo wako,
Togoi


Njamena, 4 Desemba 1986

Togoi wangu, dereva wa watu,

Marahaba. Barua yako imekuja na lori la mafuta baada ya wiki tatu, inanuka dizeli mpaka nimeianika pamoja na nguo. Watoto hawajambo. Mbuzi hajambo, amekula kona ya bahasha. Juzi kliniki nilizalisha mapacha, na mmoja wao ana sauti kama yako. Nilicheka peke yangu. Nilikukumbuka ulivyozaliwa, ulilia hata ngamia wa baba wakakata kamba, na bibi akasema huyu atasikika mpaka mji wa Faya. Utu uzima umekutia adabu, ila sauti ni ile ile.

Sasa nikueleze, na usirushe barua. Kwa kina Mardie mambo hayako sawa. Unajua kwamba Mzee Wardugu, baba yake, alipokea chai na sukari yetu miaka miwili iliyopita, kwa hiyo msichana ni wako kwa neno. Lakini mzee ametoweka tangu mvua zilipoisha. Aliamka, akachukua fimbo yake ya ngamia, akasema anakwenda kukitazama kisima chake, akaondoka. Kisima chenyewe kiko Fada, na Fada wako Walibya! Mkewe analia. Na mwenye sauti nyumbani sasa ni Kosei, mjomba wa Mardie. Huyo amempata Alhaji mmoja mwenye Peugeot nyeupe. Amesema hivi mbele yangu: "Kama baba wa binti hajaonekana kulithibitisha neno lake kabla ya mwezi wa mfungo, mimi nitamwoza binti nitakapoona mimi."

Mardie amemwambia Alhaji kwamba Peugeot yake haiwezi kupanda hata tuta la mtaani Ridina. Mtoto ana ulimi, nampenda.

Nijibu upesi. Na huyo mzee wako usiyemtaja, mbona humtaji?

Dada yako,
Zenaba


Kalait, 24 Desemba 1986

Dada Zenaba,

Shikamoo. Tu wazima sote. Dingamaji anajiandalia sikukuu yake ya Krismasi, ameninyang'anya tende zangu zote, anasema nimezitoa sadaka.

Dada, kaa chini. Mtu anayetafutwa na nyumba nzima anakaa nusu mita nyuma ya kisogo changu.

Nadhani sasa umenielewa. Tangu alipopokea chai yetu, mbele yake nimefunika uso, sijala, sijamwambia neno, na jina lake sijalitia kinywani. Hata hapa kalamu imekataa kuliandika. Ndivyo tulivyolelewa na ndivyo mkwe anavyoheshimiwa. Halafu jeshi likatuweka kwenye gari moja! Nilimwendea kamanda wetu, mtu wa kusini, nikasema naomba gari lingine. "Kwa nini?" Nikanyamaza, maana kusema kwa nini ni kumtaja. Akasema, "Mambo ya vilemba vyenu pelekeni kwenu." Kumbe Mzee wa Nyuma naye alikuwa amekwenda kuomba hivyo hivyo, naye akanyamaza hivyo hivyo.

Kwa hiyo tunaishi kwa mdomo wa Dingamaji. Mzee anasema, "Mwambie huyo mtu aende kushoto." Dingamaji ananiambia, "Nenda kushoto." Mimi nasema, "Mwambie kuna mawe." Dingamaji anamwambia, "Kuna mawe." Jana alishika kichwa akapiga kelele, "Mnasikiana! Wote wawili mnasikiana!" Tukatazama pembeni, mimi huku, mzee kule.

Mpe mama wa Mardie habari kwamba mumewe yu hai, anakula vizuri, anakoroma. Lakini neno la ndoa siwezi kumwomba, unajua siwezi. Kama ningeweza kumwomba, nisingekuwa mkwe wa kufaa. Namwogopa Kosei kuliko kifaru, nakwambia kweli.

Tunaondoka siku yoyote.

Togoi


Fada, 9 Januari 1987

Dada! Dada yangu Zenaba!

Naandika kutoka Fada. Nimekaa chini ya mtende ambao tuliuibia tende tukiwa watoto, ule wenye mgongo. Ni mzima. Mzee wa Nyuma ni mzima. Fada ni yetu. Nimeruka, nimelia, nimelala, nimeamka nikaruka tena.

Nikuhadithie. Siku ya pili ya mwezi huu asubuhi, magari yetu yalitoka kwenye mawe kila upande, kila dereva amekanyaga mpaka chini. Hatukufuata njia. Walibya walikuwa wamefukia vifaru mchangani, vichwa tu vimetokeza, mizinga imetazama njia kuu wakitusubiri tuje kwa adabu. Kifaru kina nguvu, dada, lakini kugeuza kichwa chake ni kazi ya polepole, kama mzee anayeitwa na mtu asiyempenda. Ukikizunguka kwa mbio, mzinga unakufuata na haukufikii.

Taabu ni wakati wa kupiga. Kombora letu linavuta waya nyuma yake, na mlengaji lazima aendelee kukikazia kifaru macho mpaka lifike. Wakati huo gari limesimama, dereva hatikisiki, hata kukohoa hakohoi. Nahesabu. Kwa umbali wetu ni mpaka kumi na mbili. Hujawahi kuona kumi na mbili ndefu kama ile. La kwanza lilinguruma juu ya kichwa changu, nikahesabu, moja, mbili, tatu, nikifika saba nimeshawakumbuka ndugu zangu wote. Kumi na mbili, kifaru kikawaka! Dingamaji akaimba.

Kisha tukapanda jiwe kwa mwendo mkali, na Dingamaji akaruka kutoka garini kama mzigo uliofungwa vibaya. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni, ameketi mchangani ameshika mguu, ananitukana. Kwa hiyo alikuwa hai. Lakini sasa gari lina watu wawili ambao hawasemezani, na vifaru vimejaa mbele!

Nikangoja. Mara nikahisi kitu begani. Fimbo! Fimbo yake ya ngamia, dada. Ikanigusa bega la kulia, nikaenda kulia. Bega la kushoto, kushoto. Akinigonga juu ya kilemba, nasimama, anapachika mwenyewe, anapiga, nahesabu. Akinichapa mgongoni, nakanyaga. Mila zetu zinakataza kusema, hazijakataza fimbo. Nimeendeshwa uwanja mzima wa vita kama ngamia wa miaka mitano, na nakuapia sijawahi kuona raha kama ile maishani mwangu. Tulikuwa tunaelewana! Kabla hajanigusa najua anataka wapi. Vifaru vitatu tulivipata hivyo.

Jua lilipopanda yote yalikuwa yamekwisha, Walibya waliobaki wanakimbilia kaskazini. Mmoja tulimkuta amejikunja chini ya lori, kijana mdogo kuliko mimi, akaniuliza kwa Kiarabu kama tutamwua. Nilimpa maji. Alikunywa kwa pupa, maji yakamwagika, nikampa tena. Huyo simsahau.

Jioni Mzee wa Nyuma alikwenda kisimani kwake, akachungulia, akatupa kijiwe, akasikiliza. Aliporudi akapigapiga boneti akaliambia gari, "Wewe gari una mwendo mzuri." Gari halikujibu. Mimi nilifunika uso mpaka machoni ili asione ninavyocheka.

Kuna jambo moja la asubuhi ile silisemi. Ni dogo. Liache.

Ndege zao zinakuja kila siku sasa kutupa mabomu, lakini tuna mapango ya kutosha.

Ndugu yako mshindi,
Togoi


Njamena, 31 Januari 1987

Ewe Togoi,

Marahaba mara mia! Siku habari ya Fada ilipofika, mtaa mzima ulipiga vigelegele. Mimi niliacha mama mmoja kitandani na uchungu wake, nikatoka nje kupiga vigelegele, nikarudi, naye akapiga chake, mtoto akatoka. Ameitwa Fada, maskini, ni wa kiume.

Haya, furaha iweke pembeni. Umesema jambo dogo. Dogo?

Majeruhi wameletwa hapa na ndege. Nilikwenda kuwasaidia wauguzi, nikamkuta kijana mrefu mguu umefungwa, anacheka na kila mtu. Dingamaji! Nikamwalika nyumbani akale boule, ugali wetu wa uwele, na mchuzi wa bamia, na kwa ujinga wangu nikamwita na mama wa Mardie asikie habari za mumewe. Kosei akajialika mwenyewe. Yule kijana akasimulia vita vizuri kuliko wewe, vidole vyake vifaru, chumvi Walibya. Kisha akasema, kwa nia njema kabisa, mdomo umejaa: "Kifaru kimoja kikaja nyuma yao, mzee hakukiona. Mara namsikia Togoi, 'Wardugu! Wardugu, lala!' Mimi niko chini mchangani mbali kule na nimesikia. Tripoli walisikia!"

Uani kila mkono ukaganda juu ya chakula. Kijana wa watu akatazama sahani, akadhani bamia ina kasoro.

Togoi, umelitaja jina la mkwe. Si kulitaja tu, umelipigia kelele mbele ya majeshi mawili. Kosei alisimama na uso wa mtu aliyeokota ngamia. Amesema huo ni utovu wa heshima usio na mfano, chai yetu imemwagika, na kama Wardugu ana haya atalivunja neno mwenyewe. Mardie hajala tangu jana. Nami sijui niseme nini, kwa sababu mila ninaijua kama wewe.

Ni kweli? Niandikie ukweli, ukweli mtupu.

Zenaba


Fada, 20 Februari 1987

Dada,

Shikamoo. Ni kweli.

Mzee alikuwa amelenga mbele. Kwenye kioo nikakiona kifaru kilichokuwa kimejificha kwenye mawe, mzinga unageuka kwetu, karibu mno, na yeye amesimama wima nyuma yangu. Nilitaka kuondoa gari lakini ningemwangusha. Nilitaka kusema "Mzee!" Sijui kwa nini mdomo ulitoa jina. Pengine kwa sababu nimelifungia miaka miwili. Likatoka, dada, na sauti uliyoisema, ya mpaka Faya. Akalala, nikakata usukani, kombora la kifaru likapita pale alipokuwa amesimama. Niliuona upepo wake. Kisha fimbo ikanigusa bega, tukaendelea na kazi kana kwamba hakuna lililotokea.

Mimi niliuficha ukweli huo kwa aibu. Na adhabu ni kubwa kuliko unavyojua: tangu asubuhi ile mzee hasikii. Makombora yameyaua masikio yake. Kamanda akimwita, hageuki. Nikipiga honi, hageuki. Daktari wa kambi amekata tamaa naye, amesema arudishwe nyumbani. Jambo moja la ajabu ni kwamba ndege zikija, yeye ndiye wa kwanza kuingia pangoni, hata kabla yetu wenye masikio. Labda anazihisi kwa miguu.

Anakuja huko kwa lori. Ameondoka bila kunitazama. Fimbo yake ameiacha imelala kwenye kiti changu, na sijui maana yake, kama ni zawadi au ni kusema tumemalizana. Nimeiweka, siigusi.

Akilivunja neno, sitamlaumu. Mwambie Mardie kwamba ningelinyamazia jina lile leo angekuwa hana baba. Na mwambie nampenda. Nimeandika, liende hivyo hivyo.

Togoi


Njamena, 2 Aprili 1987

Togoi, mdogo wangu, roho yangu,

Marahaba. Watoto wazima. Mbuzi kazaa, majike wawili. Nimekuchelewesha makusudi mpaka nipate barua ya kuandika kwa furaha. Omba ruhusa. Ndoa yako ni siku kumi baada ya mfungo. Alhaji amempelekea Peugeot yake binti mwingine. Haya, umepumua? Sasa endelea kusoma.

Mzee Wardugu alifika wiki iliyopita, amekonda, mkewe akalia, Mardie akalia, mzee anaangalia midomo yao na kusema, "Nini? Semeni kwa nguvu." Kesho yake Kosei akawaita wazee uani kwao. Akaeleza kisa chako chote kwa kupaza sauti, na alipofika kwenye jina akalisema polepole ili liwaume. Mzee akasubiri amalize, kisha akamwuliza jirani yake amesema nini. Jirani akamfokea sikioni. Mzee akatikisa kichwa.

"Mimi ni kiziwi," akasema. "Tangu kombora la kwanza, alfajiri. Hilo jina sikulisikia. Nililala kwa sababu nilijikwaa."

"Jeshi zima lilisikia!" Kosei akasema.

"Nini?"

"Jeshi zima!"

"Basi jeshi ndilo likasirike. Aliyetukanwa ni mimi, na mimi sikusikia. Chai yao niliipokea, neno langu liko palepale."

Kosei si mjinga. Akasema, kama ni kiziwi kweli apimwe, na apimwe na mtu wa dawa. Na mtu wa dawa mtaa mzima ni nani? Wazee wakatuma mtu kliniki kuniita. Nikasema mimi ni mkunga, sehemu zangu ni nyingine. Wakasema sikio nalo ni tundu, njoo.

Nilikwenda na beseni la chuma na mwiko shingo upande, maana niliziamini barua zako, nilijua kweli amekuwa kiziwi na nilimwonea huruma. Nikasimama nyuma yake nikaligonga beseni mpaka mbuzi wakatawanyika. Hakupepesa jicho. Kosei hakutosheka. Akamwinamia mzee kisogoni, akapiga kelele: "Wardugu! Ngamia wako wameibwa!"

Togoi, unawajua watu wetu. Maiti ya mtu wetu ingesimama. Wazee wawili pale waliokuwa na usingizi waliruka wakashika visu. Mzee Wardugu alikuwa anachokoa kucha. Basi, hapo kila mtu akaamini, wakamwambia Kosei akae chini, na mkubwa wao akasoma fatiha juu ya neno lenu. Mardie alipiga kigelegele akiwa ndani ya hema la uani. Bibi arusi hapigi, lakini alipiga.

Sehemu inayofuata isome peke yako, kisha uichome.

Walipokuwa wanainuka, nilibaki nyuma yake nakusanya beseni langu. Moyo ulikuwa umenijaa. Nilijua hasikii, kwa hiyo nikasema kwa kujisemea, pumzi tupu, hata mimi mwenyewe sikujisikia vizuri: "Mungu akulipe, mzee wangu, kwa ajili ya ndugu yangu."

Hakugeuka. Alikuwa anawatazama mbuzi wanavyorudi. Midomo yake haikufunguka sana.

"Anaendesha vizuri," akasema. "Fimbo ni yake. Mwambie tu siku nyingine apunguze kelele."

Nililia juu ya beseni, watu wakadhani ninamsikitikia kiziwi. Na tangu siku hiyo mtaa mzima tunamfokea sikioni asubuhi mpaka jioni, na yeye anafumba macho, anavumilia.

Dada yako anayekusubiri,
Zenaba